Shati la Arobaini na Moja

"Laki tatu na nusu!" kaka alifoka, akautupa mkasi juu ya meza ya kukatia mpaka vipande vya chaki vikaruka. "Laki tatu na nusu kwa ndugu yako wa tumbo moja? Kwani nimekuita uje uninunue?"

"Umeniita kazini," dada mtu akajibu. "Ungeniita nije kukusalimia, ningekuja bure, tena na kilo ya sukari mkononi."

"Wageni unawatoza ngapi?"

"Hiyohiyo."

"Basi nipunguzie kwa ajili ya undugu."

"Kwa ajili ya undugu ningekaa kimya, nikuache uendelee kushonewa mashati na usiyemjua. Laki tatu na nusu, kutoka mkononi mwako wewe, kabla sijavua viatu. Sipunguzi, sikopeshi, sipokei kwa mtu mwingine. Kama hutaki, sema niondoke. Nimeacha nguo kwenye kamba na mawingu yale siyapendi."

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Mtaani walimwita Mganga wa Pasipoti, na waliokuwa wa kwanza kumwita hivyo walikuwa wakimcheka, kwa sababu alirudi nyumbani baada ya miaka ishirini na tisa ya ughaibuni akiburuta sanduku la magurudumu, na ndani ya sanduku hilo sasa alikuwa akibeba mkoba wa uganga wa bibi yake. Yeye jina hakulikataa. Alisema pasipoti ni kitu cha kweli, ina mihuri, si kama maneno ya watu. Alikuwa mwanamke mfupi wa miaka hamsini na nne, mwenye hasira za karibu, na aliyechukia mambo ya kuzungukana kuliko alivyochukia majini.

Kaka yake alikuwa na karakana ya kushona sare za shule: cherehani kumi na mbili, meza moja ndefu ya kukatia, na chumba cha nyuma cha kuwekea majora ya vitambaa. Mwanamke aliyekuwa akishona vifungo na kuhesabu kazi ya siku walimwita Mama Vifungo, na ndiye aliyekuwa amesimama mlangoni wakati huo, amekumbatia rundo la mashati, akingoja ndugu hawa wachoke.

Yeye ndiye aliyegundua. Asubuhi yalikatwa mashati arobaini. Alasiri alihesabu arobaini na moja. Akadhani macho yamemchezea. Kesho yake yakakatwa arobaini, yakatoka arobaini na moja. Alipomwambia bosi wake, bosi alicheka akasema, "Faida hiyo, Mama Vifungo. Nyamaza, wasije wakasikia."

Lakini kitambaa hakikupungua. Na lile shati la ziada halikuwa la mteja yeyote. La kwanza lingemtosha mtoto wa siku arobaini, isipokuwa mikono yake, ambayo ilining'inia ikapita pindo la chini kwa shibiri nzima. La pili lilikuwa limeongezeka upana wa vidole viwili. La tatu vidole viwili tena. Mikono nayo ikawa inaongezeka.

"Yapo kumi na tisa, dada," Mama Vifungo alisema kwa sauti ya chini alipoona kimya kimepatikana. Akayapanga juu ya meza, dogo kwanza, kubwa mwisho, na kubwa lile lilikuwa la kijana wa kidato cha mwisho. "Na mimi vifungo huviacha wazi, ili mpiga pasi asisumbuke. Haya yanakuja yamefungwa, kasoro cha juu."

Mganga akainama akanusa. Hayakunuka kitambaa kipya. Kulikuwa na harufu ya ukuta usioona jua, harufu ya unyevu wa baridi, ya mahali ambapo watu huvaa soksi wakilala. Laiti angekuwa ametulia, angelielewa jambo hapohapo, lakini kichwani bado alikuwa na ugomvi wa laki tatu na nusu, na mtu akiwa na ugomvi kichwani haoni hata kilichowekwa mbele ya pua yake.

"Geuka," akamwambia kaka.

"Nigeuke nini?"

"Geuka, mwanaume wewe, kwani nitakuuma?"

Kaka akageuka. Mama Vifungo akaweka kiganja mdomoni.

Mgongoni mwa shati lake la kijivu kulikuwa na mistari ya chaki. Mmoja kutoka bega hadi bega, umenyooka kama wa rula. Mmoja kutoka shingoni hadi kiunoni. Na miwili iliyoshuka mikononi mpaka kwenye vifundo vya mkono, na pale kwenye vifundo chaki ilikuwa imekandamizwa kwa nguvu, imekwaruza mpaka uzi wa kitambaa, kama vile mpimaji amekasirika kukuta mkono umeishia pale.

"Nani kakupima?"

"Nipimwe na nani?" kaka akasema, akijaribu kujitazama mgongo. "Mimi ndiye ninayepima watu."

Akavua shati, akaliona. Akakaa juu ya kigoda cha cherehani. Kisha akaenda chumba cha nyuma, akarudi na bahasha, akahesabu noti moja moja mezani, laki tatu na nusu kamili, akaziweka kiganjani mwa dada yake.

"Ole wako lisipotoka," akasema, lakini ukali wote ulikuwa umekwisha sautini.

Sheria hiyo ya malipo haikuwa uchoyo. Ilitoka kwa bibi yao mzaa baba, aliyekuwa mganga kama mama yake na kama bibi yake. Bibi alimwambia mjukuu tangu akiwa mtoto wa kutumwa dukani: jini huondoka kwa kumtazama anayelipa. Hela ikitoka mkononi mwa mwenye nyumba, jini hujua ni nani anayelifukuza na mlango ni upi. Ukiponya bure, litakufuata wewe, kwa sababu halikuona mtu mwingine. Na ukipokea hela ya mtu kwa ajili ya jini lisilo lake, umemuuza mtu huyo. Kuanzia saa hiyo jini litakuwa lake, mwili na roho, na hakuna mganga atakayelitoa.

Mjukuu alisikia hayo yote akayachukia. Mkoba ulikuwa umewekwa kwa ajili yake kwenye msumari, na yeye hakutaka kuzeeka akinukia mizizi. Akiwa na miaka ishirini na mbili akasaini mkataba wa uyaya na familia moja ya watu wa kuhamahama kikazi, akapanda ndege; baada ya hiyo zikafuata familia nyingine. Nchi tano. Nyumba kumi na moja. Na kila nyumba, alipofungua mlango wa chumba alichopewa, alijua kabla hajaweka sanduku chini kama kuna kitu au hakuna. Damu ya bibi yake haikuhitaji viza.

Huko akajifunza ambayo bibi hakuyajua. Mzee mmoja fundi wa mabomba alimfundisha kusikiliza kuta kwa kijiko cha chuma. Jirani mmoja mjane, ambaye hawakuwa na lugha ya pamoja hata ya kuombana chumvi, alimwonyesha kwa mikono jinsi ya kuacha bilauri ya maziwa kizingitini na kuisoma asubuhi. Lakini kubwa zaidi alijifunza kwa watoto. Aligundua kwamba majini ya kila nchi, hata yale makali, yanatii sauti ileile inayotiiwa na mtoto asiyetaka kuoga. Sauti ya yaya. Usipige kelele, usiombe. Sema mara moja, na simama hapo mpaka lifanyike.

Bibi alipofariki, akarudi, akautoa mkoba kwenye msumari. Kwa sauti ya yaya na sheria ya bibi, kwa miaka mitatu hajashindwa hata nyumba moja.

Saa saba mchana mafundi wote wakatoka kwenda kula. Mama Vifungo akaombwa abaki nje ya mlango, asimruhusu mtu kuingia. Ndani wakabaki ndugu wawili. Jua lilikuwa linapiga bati mpaka misumari inalia, na hewa ilikuwa ya moto kama ndani ya pasi.

"Kaa pale," dada akanong'ona. "Usiseme kitu. Ukiona chochote, usikiite."

"Nitakiitaje, sikijui jina!"

"Ndiyo hivyo, funga mdomo."

Wakangoja. Nje mtu alipita akipiga soga kwenye simu, akacheka, akatokomea. Kisha ile misumari ya bati ikanyamaza. Kaka akajikumbatia mabega. Baridi ilikuwa imeingia, si ya upepo, ni baridi ya sakafu, inayopanda kuanzia nyayoni; na pamoja nayo ile harufu ya ukuta uliolowa.

Cherehani ya saba, ile ya karibu na chumba cha nyuma, ikabonyea pedali yake. Mara moja. Ikaacha. Mara nyingine. Kisha gurudumu likaanza kuzunguka polepole, tiki, tiki, tiki, kama fundi mwanafunzi anayeogopa kujichoma, na chini ya sindano, ambako hapakuwa na kitambaa wala uzi, ukaanza kuonekana ukosi mweupe, na baada ya ukosi mabega, na mabega yale yalikuwa mapana, ya mtu mzima, na baada ya mabega mkono wa kushoto uliotoka ukashuka mezani ukaendelea kushuka mpaka sakafuni ukajikunja, halafu wa kulia ukatoka nao ukashuka ukajikunja juu ya mwenzake.

Kaka alikuwa anapumua kwa mdomo. "Dada," akanong'ona. "Dada, mgongo wangu."

Akamtazama. Chaki ilikuwa inatembea mgongoni mwake, mgongo mtupu sasa, ikichora bega hadi bega, bila mkono wowote wa kuishika.

Mganga akavuta pumzi, akasimama wima, akaitoa ile sauti. "Haya, basi. Mchezo umekwisha. Kusanya vitu vyako, uende kwenu."

Chaki ikasimama. Gurudumu likasimama. Kaka akafumba macho akashusha pumzi kama aliyetuliwa gunia.

Na hapo ndipo vifungo vilipoanza. Shati lilikuwa limelala juu ya cherehani, na kifungo cha chini kabisa kikaingia tunduni mwake. Kisha cha pili kutoka chini. Kisha cha tatu. Kila kimoja taratibu, kwa uangalifu wa mtoto anayetoa ulimi nje akifanya kazi ngumu, kikapanda cha nne, kikapanda cha tano, na kilipobaki kimoja tu, cha juu kabisa, chini ya ukosi, vikaacha. Kukawa kimya. Si kimya cha kitu kilichoondoka. Kilikuwa kimya cha kitu kinachongoja kusifiwa.

Mganga akaitazama safu ile ya vifungo.

Hakuna anayefunga shati hivyo. Watu huanza juu. Ni yeye aliyewafundisha watoto wake, watoto wote wa kulea wa nchi tano, waanze na kifungo cha chini ili shati lisiende upande, na cha juu wamwachie yeye, naye alikuwa akikifunga mwenyewe, akimfinya mtoto kidevu, akisema, "Tayari, bosi." Akakumbuka yale mashati kumi na tisa mezani. Yote yalikuwa yamefungwa hivyo. Yote yalikuwa yakingoja cha juu.

Nchi ya tatu, nyumba ya sita. Nyumba ya ghorofa mbili na chumba kimoja chini ya ardhi, ambako mashine ya kufulia ilikuwa. Binti wa miaka minne aliyekuwa akimlea alimwambia siku moja akiwa anasuka doli nywele: "Yaya, yule wa chini hana nguo. Anasikia baridi. Mikono yake ni mirefu hivi." Angekifukuza kitu kile siku hiyohiyo. Lakini alikuwa na miaka ishirini na saba, yuko mbali na kwao, baridi ilikuwa imemkaa kwenye mifupa, na aliposhuka ngazi akasikia nyuma ya mashine meno yakigongana. Akakionea huruma. Akachukua foronya kuukuu akashona shati dogo, mikono mirefu kama alivyoelezwa, akaliacha juu ya mashine. Asubuhi shati halikuwepo. Kwa miaka mitatu alikuwa akikishushia neno la usiku mwema kwenye ngazi zile, na akakifundisha vifungo pia, kwa kusema tu gizani, moja, mbili, tatu, kuanzia chini.

Kisha familia ikahamishwa. Siku ya kuondoka, wakati mizigo inapakiwa, kitu kililia ukutani mpaka binti akaziba masikio. Naye akashuka ngazi akakiambia maneno ambayo yaya wote duniani huwaambia watoto kwenye milango ya kuondokea, maneno aliyowaambia watoto kumi na wanne kabla na baada, na wote wakayasahau ndani ya wiki mbili kwa sababu ndivyo watoto walivyo: "Usilie. Kua haraka. Ukiwa mkubwa nitakuchukua, tutaishi pamoja."

"Limeondoka?" kaka akauliza, macho bado yamefumbwa.

Mganga akagusa mfuko wake. Noti zilikuwa mfukoni mwa gauni lake, na alizihisi pajani kama kitu kinachopumua. Alijua sheria vizuri kuliko mtu yeyote aliyebaki hai. Amelipa nani? Kaka. Akinyamaza tu, akifunga sanduku lake akatoka mlango ule, jini litakuwa la aliyelipa. Litavaa mabega yale liliyoyapima. Mikono itavutwa mpaka itoshe. Naye atakuwa huru. Hakuna atakayejua, hata kaka mwenyewe hatajua, mpaka itakapokuwa haiwezekani tena kumuuliza.

Akasimama hapo kwa muda ambao baadaye asingeweza kuusema kwa mtu. Chaki ikaanza tena, taratibu, upande wa mkono wa kushoto wa kaka, ikafika kwenye kifundo, ikakandamiza. Kaka akapiga ukelele mdogo kupitia meno. Ngozi ya kiganja chake ilikuwa imevutika mbele kama glovu inayovuliwa.

"Shika," akasema mganga.

"Nishike nini?"

"Hela zako." Akazitoa zote, akamfumbatisha mkononi. "Kamili. Laki tatu na nusu, sijagusa hata moja."

"Una wazimu? Nimelipa! Ulisema bila malipo halitoki! Dada, nimelipa, litoe!" Sauti ilikuwa inampasuka. "Kama ni ndogo nitaongeza, nitauza cherehani mbili—"

"Nisikilize, kaka yangu. Hili si lako." Alikuwa akiongea haraka, kwa kunong'ona, bila kuyatoa macho kwenye cherehani ya saba. "Nimelileta mimi. Nililivisha, nikalidanganya, nikapanda ndege. Lilikuja kwako kwa sababu wewe ndiye unayejua kushona na una damu yangu. Sikujua, nakuapia, lakini sasa najua, na siwezi kupokea hela ya mtu kwa kosa langu mwenyewe. Simama. Tembea mpaka mlangoni. Usikimbie, litadhani ni mchezo."

"Na wewe?"

"Mimi ni mganga. Nenda."

"Dada—"

"Nenda, nimesema! Kwani lazima kila kitu tugombane?"

Akainuka. Alitembea kando ya meza ndefu akiwa ameshikilia noti kifuani kama mtoto aliyetumwa, na kila alipopita karibu na cherehani, cherehani hiyo ilizungusha gurudumu lake nusu duara kumfuata, na mganga akawa anasogea naye, akiuweka mwili wake katikati, akirudi kinyumenyume, mpaka aliposikia mlango ukifunguka, sauti ya Mama Vifungo ikiuliza "Vipi, bosi?", na mlango ukifungwa.

Akabaki peke yake. Mkoba wa bibi ulikuwa ndani ya sanduku, sanduku lilikuwa karibu na mlango, na hata angelifikia asingekuwa na la kutoa humo; hakuna dawa ya kumfukuza mtu anayekuja kuchukua alichoahidiwa. Akavua viatu, kwa sababu ndivyo alivyozoea kuanza kazi. Sakafu ilikuwa baridi kama ngazi za nyumba ile.

Shati likainuka kutoka kwenye cherehani. Likajaa. Mabega yakajaa, kifua kikajaa, na ile mikono ikanyooka kutoka sakafuni, mirefu, na ncha zake zikawa zinapapasa kando ya meza, zikigusa mkasi, futi ya kupimia, mashati kumi na tisa moja baada ya jingine, kwa mpangilio, kutoka dogo hadi kubwa, kama mtu anayeonyesha picha zake za utotoni. Juu ya ukosi hakukuwa na kichwa ambacho angeweza kukitazama. Kulikuwa na weusi wa chumba kisicho na dirisha, na kutoka humo zikatoka pumzi za haraka za aliyekimbia nchi nyingi bila kupumzika. Kikasimama mbele yake. Kikainama, kikainama zaidi, mpaka kifungo cha juu kikawa sawa na vidole vyake.

Alijaribu kuitafuta sauti ya yaya. Haikuwepo.

"Uliahidi," kikasema. "Nimekuwa mkubwa. Nichukue."